Kokoto Moja ya Nungunungu

Kata ya Mabondeni ina kitendawili ambacho hadi leo hakuna aliyekitegua. Chaguzi nne mfululizo Nungunungu aligombea udiwani akaambulia kokoto moja tu kibuyuni mwake, na kila mara alimshukuru mkewe, maana mila ilimkataza mgombea kujipigia kura.

Uchaguzi wa tano ulimkuta mgane.

“Mzee wetu, mama hayupo, basi leo hata ile moja huna!” Ngedere akamcheka.

Kobe, mhesabu kura, akapindua kibuyu. Ikadondoka kokoto moja.

Nungunungu akauliza taratibu, “Kwani mke wangu alikuwa akimpigia nani?”

Hakuna aliyejua. Wazee wakaamua kokoto ile ikawekwe kaburini kwa marehemu. Aliyeipeleka ni Nungunungu mwenyewe, na njia nzima alikuwa akimshukuru.