Sauti ya Kukaribisha

Kwa mara ya saba Marie-Jeanne aliukataa ule mstari.

"Siusomi," alisema, akavua hedifoni. "'Karibu kwenye tovuti ya huduma kwa wakimbizi.' Nani anakaribishwa hivyo? Hata polisi wanakaribisha vizuri kuliko hapo."

Ogwal alicheka, maana baba yake alikuwa polisi. Yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza tovuti hiyo, katika ofisi ya vyumba viwili huko Mengo, Kampala. Ilikuwa na lugha tisa, na kila lugha ilikuwa na kitufe cha sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Kiswahili cha Kongo alipewa Marie-Jeanne.

"Sasa mama, wewe unataka kusema nini?"

Akasogea kwenye maikrofoni. "Mukuje. Mukule kwanza, chakula kingali moto. Habari mutatuambia kisha."

"Mama! Hii ni tovuti, si hoteli."

"Kwetu Rutshuru mgeni haulizwi ametoka wapi kabla hajala. Iache hivyo."

Ogwal akaiacha. Hakujua kwamba maneno hayo ndiyo Marie-Jeanne aliyokuwa akiwaitia watoto wake kila jioni. Sheria ya ofisi ilimkataza msomaji kutaja jina lake, kwa usalama wa watu. Haya. Jina wamelikataza, sauti wataizuiaje?

Miaka mitatu ilikuwa imepita. Siku ya kukimbia vita, mumewe Zéphyrin alitangulia na watoto wao wawili, Bienfait na Blandine, na Marie-Jeanne akarudi nyuma kumchukua mama yake mgonjwa. Walipatana wakutane Bunagana, mpakani. Alipofika hawakuwapo. Aliwatafuta kambini, akawatafuta makanisani, akabandika picha kwenye kila ukuta uliomruhusu. Mama yake akafa. Akabaki peke yake katika chumba kimoja huko Ggaba, akikaanga samaki wa kuuza, na kila jioni akisonga ugali wa watu wanne, kwa sababu mkono ulikataa kujifunza kipimo kingine. Upweke ni kitu kibaya jamani, asikudanganye mtu. Kuna wakati wiki nzima ilipita bila mtu kumwita jina.

Tovuti ikafunguliwa. Kila Ijumaa Marie-Jeanne alipanda Mengo kusoma ujumbe wa watu wa Kiswahili na kumweleza Ogwal wanachotaka. Watu waliuliza habari za karatasi, za shule, za hospitali. Yeye alijibu yote kwa moyo mmoja, lakini macho yake yalitafuta jina moja tu.

Ijumaa ya tatu alimkuta Ogwal anajikuna kichwa.

"Mama, kuna kitu sielewi. Kuna simu moja iko hapa hapa Kampala. Kila siku saa kumi na moja jioni inafungua ukurasa wako, inabonyeza sauti mara sita, mara kumi. Ukurasa mwingine haigusi. Nafikiri kitufe kimeharibika."

Marie-Jeanne alishika meza. "Hakijaharibika, ndugu yangu. Ni yeye. Ni Baba Bienfait!"

Hapo ndipo alipomweleza yote. Ogwal alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Mbona haandiki basi?"

"Ana haya. Hata siku ya kuniposa alijificha nyuma ya mjomba wake."

"Ningekupatia namba yake sasa hivi, mama. Lakini nilitengeneza hii kitu isishike namba ya mtu yeyote. Nyinyi wakimbizi mlisema wenyewe mnaogopa kufuatwa."

Ni kweli, walisema. Na Marie-Jeanne ndiye aliyesema kwa sauti ya juu kuliko wote.

Kisha likaja lingine. Mkubwa wa ofisi alitaka sauti mpya, ya mtangazaji wa redio mwenye Kiswahili kilichonyooka. Maneno ya chakula, alisema, yanawachanganya watu. Marie-Jeanne akaenda kumpigia magoti, magoti ya kweli, juu ya saruji. Akapewa wiki moja.

Wiki hiyo hakutembea, aliruka. Alifua pazia. Alikwenda soko la Kikuubo akanunua sahani tatu zenye maua. Jirani yake Adong, ambaye hawakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, alimwona akipanga upya kitanda na magodoro, akasimama mlangoni.

"Kuna nini leo?"

"Watu wangu wanakuja."

"Kumbe una watu!" Adong akashangaa, akaingia kumsaidia kuinua upande wa pili.

Ijumaa alifika Mengo kabla ofisi haijafunguliwa. Ogwal akawasha kompyuta, na kweli, katikati ya maswali ya karatasi na hospitali kulikuwa na ujumbe usio na jina. Uliandikwa kwa Kiswahili cha kwao. Marie-Jeanne aliusoma kimoyomoyo, akaurudia tena.

"Ni yeye?" Ogwal akavuta kiti karibu. "Amejibu? Nisomee basi, mama!"

Akamsomea, polepole, kama mtu anayerekodiwa.

"Ninaomba mutoe hiyo sauti ya mwanamuke, bibi niliyemuoa hapa haipendi. Watoto wangu wawili wakitoka masomo wananyang'anyana simu kuisikiliza, wanasema ni mama yao, na mimi nilishawaambia mama yao alikufa."