Mkia wa Kiboko

Fisimaji, mnyama wa mtoni mwenye manyoya laini, alikuwa mzuri, na alilijua hilo. Kilichomkera ni kwamba samaki wote wa mtoni walimpenda Kiboko. Kila asubuhi Kiboko alirudi kutoka malishoni, akajisaidia majini huku akitawanya kwa mkia, kama mama yake alivyomfundisha, na perege wakajazana nyuma yake.

"Kunuka kote huko, na bado wanamfuata!" Fisimaji alilalama. "Mimi wakiniona tu, wanakimbia."

Wivu ulipomzidi, alimwendea. "Mzee Kiboko, majirani wanakusema. Unajisaidia kwenye maji ya wenzio! Huoni haya?"

Kiboko aliona haya kweli. Akaomba radhi, na tangu siku hiyo akawa anamalizia haja zake huko huko majanini.

Mto ukatakata. Fisimaji akakaa kusubiri wapenzi wake. Aliona changarawe, aliona sura yake, lakini perege hakuwaona. Mbavu zilipoanza kumtoka, alimkuta perege mmoja mzee akihama.

"Mnakwenda wapi, na maji ni safi hivi?"

"Safi, ndiyo, ila hayana chakula. Samadi ya Kiboko ililisha wadudu, wadudu wakatulisha sisi, na sisi..." Perege aliyatazama meno ya Fisimaji, akaongeza mwendo.

Kesho yake Kiboko alibembelezwa, akarudi majini. Kabla ya kuinua mkia aligeuka kuangalia kama kuna wa kuudhika. Nyuma yake alikuwepo Fisimaji peke yake, amekonda.

"Tawanya, mzee wangu," alisema. "Usione haya."