Msomaji wa Kwanza

Walikuwa ndio kwanza wametoka kuzika, simu ya marehemu ikalia ndani ya mkoba wake.

"Hebu izime, mwanangu," mama mdogo alisema. "Inatutonesha vidonda."

Mwana wa marehemu, afisa mawasiliano, akaitoa. Raba aliyoifunga mama ilikuwa bado imeshikilia mfuniko wa betri. Kiooni palikuwa na taarifa ya makala mpya ya blogu yake mwenyewe, aliyoiandika wiki iliyopita na kuipanga ijichapishe leo: "Mama Ananitoa Jasho na Simu Yake." Alikuwa amesahau kabisa kuizuia.

Siku zote mama ndiye aliyemtangulia kila msomaji. Kwanza alibonyeza "nimependa", ndipo atafute miwani asome.

Kidole kikasita juu ya kioo. Akabonyeza.

Simu yake mwenyewe ikatetemeka mfukoni: "Mama amependa makala yako."