Ukuta wa Jikoni

Kuta za nyumba za siku hizo zilitunza sauti za waliokaa humo. Bi Nuriati alipohamishwa kwenye nyumba aliyopanga, mwenye nyumba aliwapa madalali watatu nyumba hiyo hiyo, wakapigana vikumbo kutafuta mpangaji. Bi Nuriati akajifanya mteja. Akaonyeshwa na wa kwanza, kisha wa pili, na mara zote ukuta wa jikoni uliuliza kwa sauti ya marehemu mumewe, “Chai ipo?”

Wa tatu alimfungulia kwa bashasha. “Mama, wenzangu nimewapiga bao. Kuta nimezisafisha zote, husikii sauti ya mtu.”

Bi Nuriati aliomba kuliona jiko peke yake. Alisubiri sana. Kisha akauegemea ukuta.

“Ipo, mume wangu,” akasema, ili angalau ukuta ubaki na jibu.