Chombo Hakirudi Kitupu

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mjini, Mwasiti na jirani yake, Bi Tatu, walikuwa wakipelekeana kopo moja la bati lenye kifuniko. Lilianza na sukari ya kuazima. Likarudi na vitumbua, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Likaja tena na achari, na hivyo hivyo, mpaka kila mmoja akaamini kwamba kopo ni la mwenzake.

Leo Mwasiti alikuwa anahama. Lori lilikuwa limeshapakiwa, na dereva ameapa kuvishusha vyombo vyote njiani akicheleweshwa. Mwasiti alisimama jikoni, kopo mkononi, akitafuta cha kutia.

"Lirudishe hivyo hivyo," mumewe alisema mlangoni. "Mungu atakusamehe."

"Mungu hana neno. Bi Tatu je?"

Alichuma ndimu uani, akalijaza kopo, akavuka uchochoro kwa mwendo wa balozi anayekwenda kutia saini mkataba wa amani.

Bi Tatu alilipokea kwa mikono miwili. Akamimina ndimu kwenye ungo, akalisuuza kopo, akavuta kigoda.

"Kaa, mwanangu. Kopo lako haliwezi kuondoka tupu."

"Si langu, Bi Tatu. Ni lako."

"Usinifanyie uungwana. Maharage nimeyabandika sasa hivi."

Mwasiti akakaa. Huko nje lori lilipiga honi, likapiga tena. Bi Tatu alifunua chungu, akachungulia, akaongeza maji.