Kioo Kilichokuwa Motoni

Tunu alikuwa akinyunyizia dawa kioo kidogo kilicholala juu ya jiko la umeme, mdogo wake alipopiga simu. Dawa ile ikikauka huwa utando mwembamba mweusi, unaonasa mwanga wa jua na kuugeuza umeme. Alikuwa amevaa glavu, akaipokea simu kwa spika.

"Dada, mama ametutoka."

"Nimesikia," Tunu akajibu.

Mshamu, mwenzake wa kazi, alikuwa amesimama karibu. "Pole sana, dada yangu. Acha hiyo, nenda nyumbani."

"Nikiacha sasa, utando utapasuka."

Akaendelea kunyunyiza, kushoto na kulia, mkono umetulia kana kwamba si wake. Alingoja machozi, hayakuja. Kioo kilipopoa, alikiunganisha na mita, akakiweka dirishani. Mshale wa mita ukapanda juu kuliko siku zote walizowahi kujaribu.

"Tumeweza!" Mshamu alipaza sauti, kisha akaona haya.

Tunu akakifunika kioo kwa kiganja. Mshale ukashuka hadi sifuri. Akaondoa mkono, ukapanda. Akakifunika tena, na safari hii akauacha mkono palepale, jua likimpiga mgongoni mwa vidole.