Mwizi wa Wimbo

Kina mama wa kwaya walipofika kwenye kiitikio, Fundi aliusahau mkono wake juu ya nyuzi za gita. Wimbo waliokuwa wakiuimba pale mbele ya madhabahu ulikuwa wake. Maneno yalikuwa ya kanisa: pale alipotia yeye "mpenzi," wao walitia "Bwana". Lakini sauti yote, toka kupanda mpaka kushuka, ilikuwa ile ile ya bendi.

Siku za kazi Fundi alikuwa mshona nguo. Jumamosi alipiga gita kwenye bendi ya mtaani, Jumapili akalipiga kanisani. Katika yote hayo kitu kimoja tu kilimtembeza kifua mbele: yeye ndiye mtunzi wa bendi. Na wimbo huu ulikuwa njiani kwenda studio, wa kwanza kurekodiwa kwa jina lake. Sasa nani angeamini kwamba hakuuokota kanisani?

Kikulacho ki nguoni mwako. Akageuza jicho polepole kumtazama shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga kinanda wa bendi na wa kanisa pia. Shemeji alikuwa akitikisa kichwa kwa raha.

"Wimbo wetu umefikaje kwa kina mama?" Fundi alimwuliza walipotoka.

"Mimi nilidhani umewapa wewe, shemeji."

Jibu lilikuja haraka mno. Fundi hakulipenda.

Nyumbani alimgeukia mkewe, ambaye husimama mstari wa nyuma kabisa wa kwaya. "Wimbo ule mmeutoa wapi?"

Mkewe aliinama, akaanza kukunja nguo iliyokwisha kukunjwa. "Kwani ulikuwa mbaya?"

Damu nzito kuliko maji, Fundi aliwaza. Anamficha kaka yake.

Akaamua kutega mtego. Wimbo ulikuwa bado haujapata mwisho. Angeutunga na kumpigia shemeji peke yake kwa gita. Kutunga hakujawahi kumsumbua. Nyimbo zake zote zilimjia asubuhi akioga, povu limemjaa usoni, mkewe uani akihangaika na masufuria yake. Sauti ilikuja yenyewe, tayari imepikwa, kazi yake ikawa kuitilia maneno. Mara moja tu kipaji kilimgomea, mkewe alipokwenda kumwuguza mama yake. Siku zote hizo hakuambulia kitu. Fundi alisema ni njaa. Nani anatunga wimbo kwa uji wa kujipikia?

Katikati ya wiki mwisho ulimjia, mtamu kuliko vyote. Jioni akafunga mlango wa duka, akampigia shemeji katikati ya cherehani na vitambaa.

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, shemeji?"

Jumapili kina mama walisimama, wakauimba wimbo wote, na mwisho ule juu yake.

Fundi alingoja ibada iishe. Nje ya mlango wa kanisa alimkamata shemeji ukosi wa shati alilomshonea kwa mikono yake mwenyewe.

"Nyoka wewe! Kwenye bendi sikutaki tena, na nyumbani kwangu usikanyage!"

"Shemeji, nimefanya nini?"

Mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima, alikuja akicheka, akidhani ni utani wa mashemeji.

"Mwachie mwenzio, uje nikupe mkono. Wimbo umeusikia leo?"

"Nimeusikia, Mwalimu. Na mwizi wake huyu hapa."

"Mwizi?" Mama aliacha kucheka. "Kumbe mpaka leo hajakwambia? Basi siri imenishinda. Wimbo ule ni wa mkeo, wa kwanza kutuletea. Nyimbo huzitunga kwa kuimba asubuhi akiosha vyombo, pale nyuma ya bafu lenu. Ametukataza tusikwambie, baba. Anaona haya, maana kwenu mtunzi ni wewe."